Bi Onyo na Kompaila Aliyezibwa Mdomo

Jina lake la kwenye cheti analijua yeye, mama yake na faili moja lenye vumbi kule masjala. Kazini wote humwita Bi Onyo. Wadogo zake walipolisikia jina hilo walilidaka kama mpira, na sasa hata mezani utasikia, "Bi Onyo, nisogezee chumvi." Yeye halikatai. "Kuna watu wanaitwa Waheshimiwa," husema, "na hawajawahi kuheshimiwa hata na paka wao."

Amefanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana inayotengeneza vitanda vya joto vya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Kitanda chenyewe ni boksi la plastiki angavu lenye hita chini, kipimajoto cha waya kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto, na kompyuta ndogo, ukubwa wa kiberiti, inayoamua lini kupasha na lini kuacha. Programu ya kompyuta hiyo huandikwa ghorofani na vijana wenye shahada zao. Lakini walichoandika ni maandishi tu, kama ramani ya nyumba. Huwezi kulala ndani ya ramani. Lazima apatikane wa kuyageuza yawe lugha ya mashine, na mgeuzaji huyo ni programu nyingine iitwayo kompaila. Pale karakana kompaila amekaa na watu siku nyingi hadi anahesabiwa kuwa mtu.

Kompaila hafanyi kazi bila kuelekezwa. Unampa mstari wa maneno mafupi mafupi, kila neno likitanguliwa na kistari, na kila neno huitwa bendera. Bendera moja humwambia fasiri polepole kwa uangalifu. Nyingine humwambia fasiri upate kasi. Nyingine, niambie kila unachokitilia shaka. Na ipo ya kumwambia fanya kazi na mdomo wako ufunge. Maelekezo yote hayo hukaa katika faili moja, skripti ya ujenzi, na skripti ya ujenzi ya karakana ile ni ya Bi Onyo kama jiko lilivyo la mwenye nyumba: karibu uingie, ila sufuria usifunue.

Hakuisomea kazi hii. Aliajiriwa kuchapa barua. Kisha mhandisi aliyekuwa akiitunza skripti alipata kazi mahali penye kiyoyozi, na siku yake ya mwisho, begi likiwa tayari begani, alimwonyesha kitufe kimoja.

"Dada, kila Ijumaa ukifika, bonyeza hapa. Yatapita maandishi mengi, usihangaike nayo. Ukiona neno 'tayari', umemaliza."

Makabidhiano yote yalichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Bi Onyo akabonyeza, maandishi yakapita. Shida ni kwamba mtu aliyezoea kuchapa barua za wakubwa, akizinyoosha kimya kimya ili wakubwa waonekane wamesoma, hawezi kuona maandishi yakipita bila kuyasoma. Ni maradhi. Ijumaa ya tatu akang'amua kwamba maandishi yale yalikuwa maonyo. Kompaila alikuwa akilalamika: hapa umetenga nafasi na hukuweka kitu, hapa unauliza kama kitu kimepungua chini ya sifuri na chenyewe hakiwezi kupungua chini ya sifuri, hapa uliahidi kurudisha jibu, umeondoka bila kurudisha. Maonyo elfu moja mia nne na kumi na mawili kila wiki, na kila wiki wenye shahada walikuwa wakiyaruka kama watu wanavyoruka dimbwi lililo mlangoni kwao, badala ya kulizibua.

Akayachapa yote kwenye karatasi. Akapanda nayo ghorofani akiwa ameyakumbatia kama mzigo wa kuni.

"Nini hizi?" mkuu wa vijana akauliza.

"Barua zenu. Hamjajibu tangu mwaka juzi."

Walicheka sana siku hiyo. Wiki iliyofuata akarudi, wakacheka kidogo. Wiki ya tatu alikuja na stuli yake mwenyewe, akaketi kando ya wa kwanza, akanyoosha kidole kwenye kioo: "Mwanangu, hapa ulikuwa unamaanisha nini?" Kijana akafungua mdomo aeleze, akagundua hakuwa anamaanisha kitu. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka miwili, stuli ikihama meza hadi meza. Maonyo mengi yalikuwa uchafu mdogo wa kufagia tu. Lakini manne yalikuwa na meno, na mojawapo lilionyesha mahali ambapo hita ilikuwa ikihesabiwa dakika badala ya sekunde. Siku hiyo ghorofani hakucheka mtu.

Maonyo yalipofika sifuri, Bi Onyo aliongeza bendera moja kwenye skripti: kuanzia leo, onyo lolote lihesabiwe kuwa kosa, na ujenzi usimame papo hapo. Kabla ya chakula cha mchana kijana mmoja akapiga kelele, "Nani kaweka hii kitu? Nimekwama hapa saa nzima!" Na Mzee Solda, fundi wa umeme, ambaye hajawahi kupanda ngazi zile tangu jengo lijengwe lakini husikia kila kinachosemwa juu, akajibu kutoka chini, "Nani mwingine? Si huyo Bi Onyo wenu!" Jina likamkaa mwilini kama nguo ya kushonewa.

Tangu hapo vitanda mia moja na sitini vimetoka pale kwenda kwenye vituo vya afya, na hakuna hata kimoja kilichorudishwa kwa ajili ya programu. Vimerudi kwa kuvunjika gurudumu, vimerudi kwa kung'atwa waya na panya, kimoja kilirudi kimejaa majarida ya zamani. Kwa programu, hapana. Bi Onyo hajaandikiwa cheti kwa hilo. Vyeti viko kwa Mkurugenzi, ukuta mzima, kikiwemo kimoja cha kuhudhuria semina ya namna ya kuandaa semina. Lakini mama yake, mshonaji, wateja wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, hutoa pini mdomoni ajibu vizuri: "Anaisomea mashine masharti. Isipotii, haivuki mlango."

Basi yakaja maonyesho. Mgeni rasmi alisimama mbele ya kitanda cha karakana, ndani amelazwa mdoli wa plastiki aliyevalishwa nepi, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kitanda kilichukua sekunde nne kuwaka, na katika sekunde ya tatu mgeni rasmi akapiga miayo. Huenda hakulala vizuri tu. Lakini Mkurugenzi aliuona mwayo ule, na haukumtoka akilini. Jumatatu yake akaleta mshauri.

Mshauri alikuja na laptopu mbili na ndevu zilizochongwa kwa rula, na kila sentensi yake ilikuwa na neno kasi. Mzee Solda alimpa jina la Turbo kabla hajamaliza kusalimia. Tuseme kweli: kijana hakuwa mjinga. Alikuwa na akili nyingi, na akili ikizidi huwa inapenda njia za mkato. Alifungua skripti ya ujenzi, akaangalia safu ya bendera za Bi Onyo, akatabasamu.

"Mama, hizi bendera ni za zama za mababu."

"Na mimi ni wa zama hizo hizo, mwanangu. Bado natembea."

Akaongeza bendera ya kasi. Akaongeza na ya pili, inayomruhusu kompaila akate kona kwenye hesabu. Kompaila akatoa onyo, na kwa kuwa pale onyo ni kosa, ujenzi ukasimama. Turbo hakuwa na nafasi ya kusoma. Mkurugenzi alikuwa akimsubiri alete grafu. Akaongeza bendera ya tatu, ile ya kufunga mdomo. Ujenzi ukapita. Majaribio yote mia sita na kumi na mawili yakapita pia, kijani tupu kama shamba la mpunga. Mkurugenzi akatangaza: vitanda arobaini vipya vitaondoka Alhamisi saa tisa alasiri, vikiwa na programu yenye kasi.

Ilibaki fomu moja. Kila programu inayotoka lazima isainiwe na mtunza skripti.

Bi Onyo aliziona bendera tatu mpya Jumatano asubuhi, chai yake haijapoa. Ya kwanza aliisamehe. Ya pili akaiwekea alama kichwani. Ya tatu ikamsimamisha. Akaenda na kikombe mkononi hadi meza ya Turbo.

"Umemziba kompaila mdomo."

"Nimepunguza kelele tu, mama. Majaribio yote yamepita."

"Kabla hujamziba, alikuwa anasema nini?"

"Aa, onyo tu. Sikumbuki."

"Mtu anagonga mlango anapiga yowe, unamziba mdomo, halafu unatuambia amekubali?"

Turbo akacheka kwa adabu. Baada ya nusu saa Bi Onyo akaitwa kwa Mkurugenzi.

"Dada yangu," Mkurugenzi akaanza, na Mkurugenzi akianza na dada yangu, jiandae. "Umetumika sana. Kila mtu anajua. Lakini dunia inakwenda kasi. Nasikia una mashaka na saini?"

"Nina swali, Mkurugenzi. Nikipata jibu nitasaini."

"Huyu kijana ana shahada ya pili!"

"Naye namheshimu. Lakini sijamuuliza shahada, nimemuuliza kompaila alisema nini."

Mkurugenzi akaipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Kesho saa tisa kama fomu haina saini yako, skripti anakabidhiwa yeye. Wewe utahamia mapokezi. Kule kuna kiti kizuri. Kuna na feni."

Bi Onyo alishuka ngazi akiwa ameshika mkono wa ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miaka kumi na tisa. Feni. Mzee Solda alimwona, akajifanya anatafuta bisibisi.

Alirudi mezani kwake, akanakili skripti pembeni, akaitoa bendera ya tatu, akabonyeza. Kompaila, mdomo ukiwa umefunguliwa, alisema jambo moja tu. Mstari wa mia tatu themanini na nane: unauliza kama jibu hili ni namba, na umeniamuru niamini kila jibu ni namba, kwa hiyo swali lako halina kazi.

Mstari ule aliujua. Mtoto njiti hata awe mdogo vipi hurusha miguu, na akirusha, waya wa kipimajoto hubanduka. Waya ukibanduka, kompyuta hupiga hesabu ya hewa, na jibu linalotoka si kubwa wala dogo, ni kitu ambacho mashine yenyewe hukiita "si namba". Hapo ndipo programu huuliza: je, hii ni namba? Ikiwa sivyo, zima hita, piga kengele, muuguzi aje. Bendera ya pili ya Turbo ilimwahidi kompaila kwamba "si namba" haitatokea kamwe. Kompaila ni mtiifu kupita kiasi. Akaona swali la nini kama jibu linajulikana? Akalifuta.

Na yale majaribio mia sita? Bi Onyo akatafuta mstari unaojenga programu ya majaribio. Ulikuwa mstari mwingine, chini kabisa, na Turbo hakuugusa. Programu iliyojaribiwa ilikuwa na bendera za zamani. Iliyokuwa ikienda kwenye vitanda ilikuwa na mpya. "Mama yangu angepima gauni kwa dada mtu na kumkabidhi mdogo mtu," akanong'ona, "mtaani tungehama."

Alhamisi saa saba na nusu alimwomba Mkurugenzi ashuke karakana kwa dakika ishirini. Alishuka kwa sababu Turbo alimsihi. "Twende tu, Mkurugenzi, tumalize. Nimemweleza mama kuwa anachohofia hakiwezekani. Akiona mwenyewe atasaini."

Mzee Solda alikuwa amekwisha kuandaa kitanda kimoja kati ya arobaini, programu mpya ndani, mdoli wa maonyesho amelala na nepi yake. Kando ya mdoli aliweka kipimajoto cha kioo, kile cha kawaida. Wakawasha. Taa ya kijani, thelathini na sita na nusu.

"Mkurugenzi, vuta huo waya kwenye tumbo la mtoto," akasema Bi Onyo.

"Mimi?"

"Mtoto hana nguvu, ni wa plastiki. Msaidie."

Mkurugenzi akauvuta kwa vidole viwili. Wote wakatega masikio. Hakuna kengele. Kioo kiliendelea kuonyesha thelathini na sita na nusu, namba ya mwisho iliyokuwa ya kweli, na taa ikaendelea kuwa ya kijani.

"Mbona imetulia vizuri," akasema Mkurugenzi. "Sioni tatizo."

"Soma hicho cha kioo, Mzee Solda."

"Thelathini na saba."

Wakasubiri. Turbo akaacha kuchezea simu.

"Thelathini na nane. Inapanda vizuri tu, kama mtu anayejua aendako."

"Kengele iko wapi?" Mkurugenzi akauliza.

Mzee Solda akakiinamia tena kipimajoto.

"Thelathini na tisa."

Turbo alikuwa amekwisha kuinama juu ya boksi. Aliangalia waya uliolala kando, akaangalia taa ya kijani, akaangalia hita, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko limewaka.

"Arobaini," akasema Mzee Solda, bila mzaha safari hii.

"Zima!" Turbo akapiga kelele. "Zimeni!" Na kabla mtu hajasogea akaing'oa plagi ukutani yeye mwenyewe, akaketi juu ya kreti na plagi mkononi. "Ule mstari wa kuuliza namba. Kompaila kafuta ule mstari. Aliniambia. Kumbe ndicho alichokuwa ananiambia, na mimi sikusoma."

Bi Onyo alipakia programu ya bendera zake, akawasha, akambandika mdoli waya, akauvuta. Kengele ikalia hivi kwamba mlinzi wa getini aliingia mbio na mtungi wa kuzimia moto, na Bi Onyo, ambaye wiki nzima hakuwa ametabasamu, akasimama katikati ya kelele zile mikono kiunoni kama mtu anayesikiliza watoto wake wakiimba.

Kelele ziliponyamaza, Mkurugenzi akakohoa. "Sawa. Usalama kwanza, nimekuwa nikisema siku zote. Lakini je, kasi? Zile sekunde nne?"

"Sekunde nne nilizipima jana," akasema Bi Onyo. "Moja ni ya programu. Tatu ni ile picha yako unakata utepe. Inafunguka kwanza kabla kitanda hakijauliza joto la mtoto."

Mzee Solda akaanza kukagua dari kwa makini.

"Picha hiyo... ni kubwa?"

"Inatosha kufunika ukuta wa nje wa jengo hili, Mkurugenzi, na sikio moja likabaki."

"Basi ipunguzwe."

"Ipunguzwe, au iondolewe?"

Mkurugenzi akamtazama mdoli, kana kwamba mdoli angeweza kumtetea. "Iondolewe," akasema kwa sauti ndogo, akapanda ngazi. Mzee Solda anashikilia hadi leo kwamba huo ndio uamuzi mgumu zaidi kuwahi kufanywa na uongozi wa karakana ile.

Zilibaki dakika arobaini. Bi Onyo aliketi, akaiondoa ile picha ya utepe, akafuta bendera ya hesabu za mkato na ile ya kufunga mdomo. Ile ya kasi akaiacha. "Hii haina ugomvi na mtu," akasema, na Turbo, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akashangaa. Mstari wa majaribio akauunganisha na ule wa vitanda, ili yote miwili ivae nguo moja. Kisha juu ya mistari hiyo akaandika maelezo kwa ajili ya watakaokuja, kwa sababu katika skripti unaweza kuandika maneno ambayo kompaila hayasomi, ni ya binadamu tu: *Usiweke hapa bendera ya kukata kona kwenye hesabu. Ukitaka kujua sababu, washa kitanda uvute waya.*

"Naomba kibodi kidogo, mama," akasema Turbo.

Akampisha. Turbo akaandika chini yake mstari mmoja: *Niliiweka mimi.* Akatia tarehe. Akafikiri kidogo, kisha mahali pa jina, badala ya lile refu lenye shahada mbili, akaandika Turbo.

Bi Onyo huwa haachi neno lisilo na kazi kwenye skripti yake. Aliusoma mstari ule mara mbili, akauacha ulivyo.

Akabonyeza. Maandishi machache yakapita, wote wawili wakiyasoma kwa sauti, hata yale yasiyo na maana. Kompaila hakuwa na lalamiko. Majaribio mia sita na kumi na mawili yakapita, yakipima safari hii kile kile kitakachoondoka. Mzee Solda akaipakia programu hiyo kwenye vitanda vyote arobaini kwa mkupuo mmoja. Bi Onyo akaivuta fomu, akasaini jina lake lile la kwenye cheti, refu, lenye mikia, saa tisa kasoro dakika nane, akampa Turbo aipeleke juu.

"Nikirudi," akasema Turbo akiwa mlangoni, "utanieleza zile bendera zako nyingine? Kama ile ya nne, sikuielewa hata kidogo."

"Ya nne inachukua mchana mzima. Kimbia kwanza, lori linanguruma. Halafu njoo na kiti chako, stuli yangu haibebi wawili."